Kitinda Mimba Ana Umri Gani?

Bernardino Ramazzini alikuwa akigonga miaka 80 mwaka 1713, toleo la pili la kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi lilipotoka huko Padua, Italia. Humo alishawapitia wachimba madini, wafinyanzi, wapaka rangi na wasafisha vyoo, kila mmoja na ugonjwa unaomwandama kwa sababu ya kazi yake. Alipofika kwenye sura ya wanawake wanaolipwa kunyonyesha watoto wa wenzao, akachomeka jambo ambalo kwa haraka haraka halikuwa na mahali pale: watawa. Nyumba za watawa zimejaa katika miji ya Italia, aliandika, na ni shida kukuta hata moja isiyo na mgonjwa wa saratani ya titi. Wanawake ambao hawakupata kubeba mimba wakawekwa sura moja na wale ambao kunyonyesha ndiyo ajira yao.

Mzee yule hakujua homoni ni kitu gani. Alidhani kizazi na matiti vina mawasiliano ya siri ambayo tabibu hawezi kuyaona. Lakini jicho lake lilikuwa zima. Kuzaa humkinga mwanamke na saratani ya titi, na hesabu za karne tatu zilizofuata zimemthibitishia hilo. Kasoro ni kwamba hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili, kwamba kuzaa kulekule hufungua pia kipindi cha hatari kinachodumu miaka mingi, ilingoja hadi 1994 kuandikwa kwa tarakimu ambazo hakuna aliyeweza kuzipuuza, na hadi leo kuna wahudumu wengi wa afya ambao hawajaizoea. Kilichoichelewesha, kwa maoni yangu, si ukosefu wa darubini. Ni swali moja dogo ambalo halikuwa na nafasi kwenye mafaili ya wagonjwa: kitinda mimba wako ana umri gani?

Wazee wa tiba waliotangulia walikuwa na majibu yao. Mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, yaliyonakiliwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, yanaeleza uvimbe wa titi na kusema hauna dawa. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliilaumu nyongo nyeusi, na kwa zaidi ya miaka elfu moja waganga wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu wakamfuata. Karne ya 17 na 18 nyongo ikaanza kupoteza heshima, na baadhi ya madaktari wa Ulaya wakahamia kwenye maziwa: yakikwama yakaganda, walisema, hugeuka donge gumu, na donge hilo ndilo mwanzo wa saratani. Dhana hiyo haijafa. Mama anayenyonyesha akigusa uvimbe, jibu la kwanza analopewa, nyumbani na wakati mwingine hospitalini, ni kwamba maziwa yameganda: akande kwa maji ya moto, mtoto anyonye zaidi upande ule ule, na ikishindikana apewe antibiotiki. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Ndiyo maana siku likiwa si la kweli, miezi hupita bila mtu kushtuka.

Aliyelifungua titi na kulichora lilivyo alikuwa Sir Astley Cooper, mpasuaji wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1840. Alichukua matiti ya wanawake waliofariki wakiwa bado wananyonyesha, akatafuta vitundu vya chuchu kimoja kimoja, akavisukumia nta ya rangi, rangi tofauti kwa kila mrija. Nta ilipoganda akaona kwamba kila mrija una matawi yake na vifuko vyake, na kwamba mirija ya jirani haiingiliani. Michoro yake bado inapendeza. Inaonyesha pia jambo ambalo habari yote hii imesimama juu yake: titi linalonyonyesha na titi lililopumzika hayana umbo moja ndani.

Viungo vingine hukamilika mapema. Moyo wa kichanga ni moyo tayari, na figo yake ni figo. Titi hungoja. Kwa msichana aliyevunja ungo kuna mirija iliyotambaa ndani ya mafuta, yenye vichipukizi kwenye ncha. Mimba ikiingia, estrojeni, projesteroni na prolaktini huviamsha vichipukizi hivyo. Seli zinagawanyika kwa kasi ambayo titi halijapata kuiona tangu ubalehe, vifuko vya maziwa vinaota kwa maelfu, mafuta yanajisogeza kuvipisha, na mishipa mipya ya damu inapenya kuvilisha. Kila seli inapogawanyika hunakili maandishi yake ya urithi, na katika kunakili kosa linaweza kupenya. Seli iliyokwisha kupotoka kidogo, iliyokaa kimya miaka kadhaa, hupata katika miezi hiyo mbolea ambayo haikuwahi kuipata. Papo hapo kuna nguvu inayovuta upande wa pili. Seli zinazokomaa ili zitoe maziwa huacha utoto wake, na seli iliyokomaa ni vigumu kuipotosha. José na Irma Russo, mume na mke waliofanya utafiti Marekani kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba panya waliokwisha kuzaa hawaoti uvimbe kirahisi hata wakipewa kemikali inayojulikana kuleta saratani. Miezi tisa ile ile, basi, inakinga na inachochea.

Karne ya 19 ilikuwa na vipande vyote viwili mkononi na haikuviunganisha. Mwaka 1842 Domenico Rigoni-Stern alipitia rekodi za vifo vya mji wa Verona za kuanzia 1760 hadi 1839 na kuwakuta watawa wakizidi wanawake wengine kwa saratani ya titi, sawasawa na alivyosema Ramazzini. Mwaka 1880 mpasuaji wa Marekani Samuel Gross akaandika kwamba saratani ya titi ikimkuta mwanamke mjamzito hukua kwa kasi ya kustaajabisha na huwa kali mno. Mmoja anasema kutozaa ni hatari, mwingine anasema mimba ni hatari. Sijapata kuona kwamba yeyote wa zama zile aliwakalisha wawili hawa meza moja.

Aliyelikaribia jambo hilo zaidi alilifikia kwa njia ya zizini. George Beatson, daktari kijana wa Uskoti, alikuwa mwaka 1876 akimhudumia mgonjwa kwenye shamba moja la magharibi mwa nchi hiyo, na kwa kuwa muda ulikuwepo akaamua kuandika tasnifu juu ya utoaji wa maziwa. Aliwachunguza kondoo wakati wa kuachisha wana ziwa. Akapata pia habari kwamba katika nchi fulani wafugaji humtoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili aendelee kukamuliwa. Hilo likamkaa kichwani. Ina maana ovari iliyo tumboni inatoa amri kwa titi lililo mbali nayo, na wala si kwa njia ya neva! Aliona pia kwamba seli za titi zikijiandaa kutoa maziwa huzaana kwa wingi karibu kama za saratani, ila za maziwa zina mahali pa kuishia. Mwaka 1895, akiwa Glasgow, alipokea mwanamke wa miaka 33, mama wa watoto, ambaye saratani yake ilikuwa imerudi kifuani na kuenea kiasi cha kutopasulika. Juni mwaka huo Beatson akamtoa ovari zote mbili. Katika miezi iliyofuata uvimbe ukanywea hadi ukapotea machoni. Mwanamke yule aliishi miaka mingine kama minne kabla ugonjwa haujamrudia na kumwua. Taarifa ya Beatson ya 1896 ndiyo mama wa dawa zote za homoni tunazotumia kutibu saratani ya titi, na ilitoka miaka zaidi ya 30 kabla estrojeni yenyewe haijatenganishwa maabara mwaka 1929.

Sifa za Beatson hazibishaniwi. Ila mafanikio yake yaliwafanya waliofuata waamini kwamba homoni ndiyo habari yote, na imani hiyo ikawagharimu wajawazito. Kama homoni ndiyo inayolisha saratani, na mimba ni gharika ya homoni, mgonjwa mjamzito ana tumaini gani? Mwaka 1943 wapasuaji wa New York, Cushman Haagensen na Arthur Stout, waliorodhesha wagonjwa wasiofaa kupasuliwa kwa sababu hawaponi, na wajawazito na wanaonyonyesha wakawa miongoni mwao. Ulikuwa uamuzi wa watu makini waliohesabu maiti zao kwa uaminifu, na baadaye Haagensen mwenyewe alilegeza msimamo. Lakini kwa kipindi kirefu mwanamke wa namna hiyo aliambiwa kimoja kati ya viwili: hakuna la kufanya, au mimba itolewe kwanza. Wengi walitolewa mimba. Data zilipokusanywa vizuri zaidi, haikuonekana kwamba kutoa mimba kuliwaongezea uhai.

Kabla ya hapo kulikuwa na mwanamke aliyejua kuuliza. Janet Lane-Claypon, daktari wa Uingereza, alichapisha mwaka 1926 utafiti wa wagonjwa 500 wa saratani ya titi akiwalinganisha na wanawake 500 wasio nayo. Aliwauliza wote maswali yale yale: uliolewa lini, umezaa wangapi, ulinyonyesha kwa muda gani. Akapata kwamba wagonjwa walikuwa wamechelewa kuolewa na kuzaa wachache kuliko wenzao. Siku hizi utaratibu wa kulinganisha wagonjwa na wazima kwa dodoso moja ni somo la mwaka wa kwanza wa chuo. Wakati ule ulikuwa mpya kabisa. Miaka mitatu baadaye aliolewa, na kazi yake ya utafiti ikaishia hapo, kama ilivyokuwa desturi ya Uingereza ya zama hizo kwa wanawake wasomi. Taifa hilo lilijinyima mtu ambaye angeweza kuuliza swali linalofuata.

Swali linalofuata liliulizwa mwaka 1970. Brian MacMahon wa Harvard na wenzake walikusanya majibu ya wanawake wa sehemu saba: Boston, Glamorgan ya Wales, Athens, Slovenia, São Paulo, Taipei na Tokyo. Walitaka kujua ni idadi ya watoto inayokinga, au ni umri wa kumpata kifungua mimba. Ilikuwa umri. Mwanamke aliyezaa kwanza kabla ya miaka 18 alikuwa na karibu theluthi moja tu ya hatari ya yule aliyeanza akiwa na miaka 35 au zaidi. Ndani ya majedwali kulikuwa na mstari mmoja wa ajabu: aliyempata kifungua mimba baada ya miaka 35 alikuwa katika hatari kubwa kuliko yule ambaye hakuzaa kabisa. Kama mimba ni kinga, mbona kwa huyu inageuka? Maelezo waliyoyaona yanafaa ni kwamba huenda mimba huchochea uvimbe ambao tayari umeanza, na kadiri umri unavyosogea ndivyo uwezekano wa kuwa umeanza unavyokua. Wasomaji wengi waliishika habari ya kuzaa mapema, wakaupita mstari huo.

Sehemu saba zile, hata moja haikuwa ya Afrika. Habari za kwetu zilikuwepo lakini. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1897, ilitunza rekodi zake, na mwaka 1964 J.N.P. Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa saratani zilizoandikwa humo tangu 1897 hadi 1956. Daftari la Saratani la Kampala lilianza 1951. Saratani ya titi ilikuwa chache kulinganisha na Ulaya, na nadharia ya MacMahon iliielezea bila taabu: wanawake walizaa mapema, walizaa wengi, walinyonyesha muda mrefu. Kisha tarakimu zikaanza kupanda, kutoka wagonjwa kama 11 kwa kila wanawake 100,000 mwaka 1961 hadi 22 kufikia 1995. Wadi za saratani za Afrika Mashariki zina wagonjwa vijana wengi, na mara nyingi husemwa kwamba saratani yetu inapenda vijana. Sehemu kubwa ya sababu ni hesabu tu ya watu: nchi yenye vijana wengi itakuwa na wagonjwa vijana wengi. Lakini nchi hiyo hiyo ina kitu kingine kwa wingi, yaani wanawake ambao katika umri wa miaka 25 hadi 45 hawakai mbali na uzazi uliopita. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke. Mwanamke wa namna hiyo huwa katika miaka mitano baada ya kuzaa kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Faraja ya zamani, kwamba mama wa watoto sita hapati saratani ya titi, haikuwahi kumhesabia hilo.

Aliyelihesabu ni Mats Lambe na wenzake wa Sweden, nchi ambako kila uzazi na kila saratani huandikwa kwenye daftari la taifa. Mwaka 1994 walionyesha kwamba mwanamke mwenye mtoto mmoja huwa na hatari kubwa kuliko asiyezaa kwa takriban miaka 15 baada ya kujifungua, ndipo mstari unashuka chini ya wa mwenzake na kubaki huko. Wanorwe nao walikuwa wakiona kitu hicho hicho. Mwaka 2019 ukatoka uchambuzi uliounganisha tafiti 15 zenye wanawake karibu 890,000: hatari hufika kileleni takriban miaka mitano baada ya uzazi, ikiwa asilimia 80 juu ya ile ya wasiozaa, na huchukua zaidi ya miaka 20 kabla kinga haijashika. Msomaji asitishike na asilimia. Saratani ya titi kwa vijana ni chache, na katika umri wa miaka 41 hadi 45 nyongeza hiyo ilikuwa wagonjwa 41 kwa kila wanawake 100,000. Ramazzini na Gross walikuwa sahihi wote wawili. Watawa walikuwa wakifa uzeeni, umri ambao kinga ya waliozaa imeshakomaa. Wagonjwa wa Gross walikuwa katika miaka ya uzazi.

Kwa nini kilele kiwe miaka mitano baadaye, na si mwezi wa nane wa mimba, wakati homoni zinapofurika? Hapa ndipo maelezo ya homoni peke yake yalipokwama, na ndipo Pepper Schedin, mtafiti wa Marekani, alipoelekeza macho ya wenzake mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama: siku titi linapomaliza kazi.

Mtoto akiacha ziwa, maziwa hubaki ndani, na kujaa kwake ndiko ishara ya kwanza. Kwa panya kuna kama saa 48 za kurudi nyuma. Ukimrudisha mtoto kunyonya, titi huendelea. Zikipita saa hizo, uamuzi umekata. Protini iitwayo STAT3 huwaka ndani ya seli za maziwa. Timu ya Christine Watson huko Cambridge ilionyesha kwamba vijifuko vya ndani ya seli, vyenye vimeng'enya vya kuyeyushia taka, huvuja, na seli inamalizwa na vimeng'enya vyake yenyewe. Kati ya seli za maziwa za panya, zaidi ya asilimia 80 huondoka katika muda wa siku chache. Maiti nyingi kiasi hicho zinahitaji kuzikwa. Seli za ulinzi zinazoitwa makrofaji huingia kwa wingi, lakini si zile za kupigana. Ni zile za kutuliza ugomvi na kuponya. Vimeng'enya hukatakata nyuzi za kolajeni za zamani, mpya zinasukwa, mafuta yanarudi kwenye nafasi yake. Kwa wanawake, vipande vya matiti vilivyochunguzwa vinaonyesha kwamba mwaka mmoja na nusu baada ya kuacha kunyonyesha titi limesharudi karibu lilivyokuwa. Anayejua viwanja vya Sabasaba wiki ile maonyesho yanapokwisha ataielewa hali hiyo: mabanda yanavunjwa, malori yanaingia na kutoka usiku kucha, mageti yako wazi, na hakuna anayekagua nani amepita.

Mwaka 1986 mtaalamu wa Marekani Harold Dvorak aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona. Alimaanisha kwamba saratani huazima vifaa vile vile vya mwili vya kuponyea: mishipa mipya, kolajeni mpya, seli za ulinzi zilizotulizwa. Titi linaloachishwa kazi huvileta vyote hivyo mahali pamoja bila jeraha lolote. Mwaka 2011 Traci Lyons, Schedin na wenzao walipandikiza seli za saratani changa ya binadamu kwa panya, kundi moja likiwa katika kipindi hicho cha kuacha kunyonyesha. Kwa kundi hilo uvimbe ulikua zaidi na kuvunja kuta za mirija, ukisaidiwa na kolajeni na kimeng'enya kiitwacho COX-2, kinachochochea uvimbe wa kawaida wa jeraha. Dawa za kutuliza uvimbe wa aina hiyo zilipunguza madhara hayo kwa wanyama. Hilo ni la maabara, na hakuna mama anayepaswa kujinunulia vidonge dukani kwa kulisoma hapa. Miaka michache baadaye kundi hilo likaonyesha kwamba hata ini la panya hupanuka wakati wa mimba na kunyonyesha, kisha hunywea baada ya kuachisha, na ini linalonywea huzipokea seli za saratani zinazosafiri. Kwa wanawake waliogunduliwa baada ya kuzaa, ugonjwa nao huelekea ini zaidi.

Hayo yangebaki ya panya kama si mafaili ya hospitali. Kati ya wagonjwa wa miaka 45 kurudi chini waliofuatiliwa Colorado, waliogunduliwa ndani ya miaka mitano baada ya kuzaa walikaribia mara tatu ya hatari ya ugonjwa kusambaa mwilini ukilinganisha na ambao hawakuzaa. Utafiti wa mwaka 2019 ukarefusha kipindi hicho hadi miaka 10. Wale waliogunduliwa wakiwa bado wajawazito ni habari nyingine. Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, na mtandao wake wa nchi nyingi walilinganisha mwaka 2013 wagonjwa 311 waliogunduliwa wakiwa na mimba na 865 wasio nayo. Umri na hatua ya ugonjwa vilipowekwa sawa, uhai wao ulikaribia kuwa sawa. Mimba yenyewe, iliyolaaniwa tangu 1943, haikuwa na hatia kubwa iliyodhaniwa. Kilichowaua wengi ni kuchelewa kugunduliwa na kunyimwa matibabu.

Matibabu yenyewe yanawezekana. Hospitali ya MD Anderson, Houston, ilianza mwaka 1989 kuwapa wajawazito kemotherapia kwa utaratibu maalumu, baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, viungo vya mtoto vikiwa vimekwisha kuumbwa. Upasuaji hufanyika. Mionzi, na dawa za tamoksifeni na trastuzumabu, husubiri mtoto atoke. Mwaka 2015 timu ya Amant ilitoa taarifa ya watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani wakati wa ujauzito. Moyo, akili na ukuaji wao havikupishana na vya watoto wengine. Lililowapunguzia alama kidogo ni kuzaliwa njiti, ambako mara nyingi kulipangwa na madaktari wenyewe.

Kwa miongo kadhaa makundi haya mawili, wajawazito na waliojifungua, yalifungwa kwenye furushi moja lenye jina moja, na kila kundi likaficha sura ya lenzake. Mwaka 2021 wataalamu wa pande zote mbili, Amant na Schedin wakiwemo, waliandika kwenye jarida la Uingereza la saratani kwamba jina hilo la pamoja limepitwa na wakati na liachwe.

Kunyonyesha kunaingia wapi? Hakuna mwanamke anayekikwepa kipindi cha titi kurudi. Hata asiyenyonyesha siku moja, titi lake lilishajengwa na mimba, na litavunjwa. Uchambuzi mkubwa wa Oxford wa mwaka 2002, uliosimamiwa na Valerie Beral na kukusanya tafiti 47 za nchi 30, ulipata kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, mbali na asilimia 7 ya kila uzazi. Kwa wanawake weusi wa Marekani jambo hili lina uzito wa pekee. Muungano wa tafiti uitwao AMBER ulionyesha mwaka 2014 kwamba kwao kuzaa kuliongeza kwa takriban theluthi moja hatari ya saratani isiyo na vipokezi vya estrojeni, ikiwemo ile isiyo na hata kimoja kati ya vipokezi vitatu vinavyopimwa, ambayo dawa za homoni haziigusi. Kunyonyesha kuliipunguza nyongeza hiyo. Kwa panya, kuachishwa ghafla kuliacha titi na uvimbe wa namna ya jeraha na vidalili vibaya kuliko kuachishwa pole pole. Ushauri wa bibi zetu wa kumpunguzia mtoto taratibu sasa una watetezi maabara.

Barcelona, katika taasisi ya Vall d'Hebron, mgonjwa mmoja aliyegunduliwa akiwa na mimba ya tatu aliingiwa na wasiwasi kwamba huenda alimwambukiza mtoto wake wa pili kwa kumnyonyesha. Saratani haipiti hivyo. Lakini mama huyo alikuwa bado na maziwa ya mtoto yule kwenye friza, akayapeleka. Cristina Saura na wenzake wakayapima, wakakuta ndani yake vipande vya DNA vyenye kosa lile lile la uvimbe wake, katika maziwa yaliyokamuliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Walipowapima wagonjwa 15, maziwa yalionyesha saratani kwa 13. Damu ilionyesha kwa mmoja. Taarifa ilitoka 2023. Haijawa kipimo cha hospitali, na wanawake zaidi wanafuatiliwa kuona kama itaweza kuwa.

Kwa sasa vipimo ni vile vile vya zamani, na vinatosha vikitumiwa: uvimbe usioondoka kwa wiki mbili upigwe altrasaundi, ikibidi kipande kidogo chake kikatwe kwa uchunguzi, mama akiendelea kunyonyesha. Ugumu ni kumpata mama mwenyewe, naye hayuko mbali. Tanzania humtaka kila mwezi ampeleke mtoto kupimwa uzito, na anakwenda, akiwa na kadi ya kliniki kwenye mkoba. Nesi anaijua tarehe ya kuzaliwa mtoto kwa siku. Jibu la swali ambalo Gross, Haagensen na MacMahon hawakuliuliza limeandikwa juu ya kadi hiyo, kwa kalamu ya serikali. Mtoto akitimiza miaka mitano kadi yake inafungwa, hakuna anayemtarajia tena mama huyo kliniki, na mstari wa hatari katika hesabu za 2019 uko kileleni karibu na siku hiyo hiyo.